Kengele ya Dada Sawa

Jina la Sawa dada yangu alipewa na watu wa mtaani, likamkaa kuliko lile la kuzaliwa. Ukimwambia mvua inakuja, atajibu sawa. Ukimwambia sukari imekwisha, sawa. Muuza duka akimpa sabuni badala ya chumvi na kumwuliza kama ndiyo hiyo, sawa, halafu mimi ndiye ninayerudi dukani na sabuni mkononi. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na tunaishi nyumba moja, yeye, mimi na mume wangu. Mume wangu husema ulimi wangu na mkasi wangu vilinolewa kwa jiwe moja. Muuza duka naye nadhani anakubaliana naye.

Dada ana ulemavu wa kujifunza. Mambo humwingia taratibu, moja baada ya jingine, na yakija kwa mkupuo yanabanana mlangoni, hakuna linalopita. Shuleni, aliyesema hajaelewa alisimamishwa juu ya dawati mpaka wenzake watoke. Dada alisimama huko juu hata watoto wakawa wanamwuliza hali ya hewa. Siku moja mwalimu alimwuliza kama ameelewa, naye, kwa uchovu tu, akajibu sawa. Mwalimu akampita, akaenda kwa mwingine. Tangu hapo dada hakupanda dawati tena. Wala hakufundishwa tena chochote, na hakuna aliyejali.

Watu husema ni mpole, hana neno na mtu. Si upole ule, ni hofu. Mimi najua kwa sababu ya vifungo. Anaposema sawa kwa jambo asilolielewa, mkono wake hupanda shingoni na kushika kifungo cha juu cha gauni, akakizungusha na kukizungusha mpaka uzi unalegea. Nimeshona vifungo vya shingo vya dada yangu kuliko vya wateja wangu wote. Akirudi nyumbani kifungo kinaning'inia, najua siku hiyo aliulizwa maswali.

Cha kwanza kung'oka kabisa kiling'okea hospitalini, siku mama alipofariki. Tulikuwa wasichana. Tulikwenda asubuhi na chupa ya chai, tukapita kati ya vitanda mpaka kwa mama, tukakuta kitanda kimetandikwa. Shuka limevutwa, mto umewekwa katikati, mtu hayupo. Chini ya kitanda kandambili zake zilikuwa zimepangwa, moja kando ya nyingine, kama alivyoziacha. Nesi alikuja mbio, akatushika mabega, na maneno yote akaniambia mimi. Dada hakuambiwa kitu. Alisimama palepale akizitazama zile kandambili. Baadaye shangazi alimwuliza kama ameelewa kilichotokea. Alivyojibu unajua.

Hakuwa na kazi mpaka ukubwani, pale mwanamke tunayemwita Mwalimu, ambaye aliwahi kufundisha akaacha, alipofungua ofisi juu ya duka la viatu. Kazi ya ofisi hiyo ni kuchukua karatasi ngumu, za benki, za idara ya maji, za hospitali, na kuziandika upya kwa maneno mepesi: jambo moja kwa sentensi moja, na picha pembeni. Wanaozikagua ni watu kama dada. Wanalipwa mshahara, wana meza, wana ufunguo wa choo, na karatasi haiitwi nyepesi mpaka waseme wao.

Katikati ya meza yao hukaa kengele, ile ya kugonga kwa kiganja kama za mapokezi hotelini. Sentensi inasomwa kwa sauti. Ukipotea, unagonga. Ikilia, kila mtu ananyamaza, na aliyeandika haruhusiwi kujitetea. Sheria hiyo imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: IKILIA, TUNASIMAMA.

Anayeigonga zaidi ni bwana mmoja mfupi mwenye miwani minene, wanamwita Jaji. Benki iliandika, "Fika katika tawi lililo karibu nawe." Ting! "Karibu nami kuna kinyozi." Idara ya maji ikaandika, "Safisha tangi mara kwa mara." Ting! "Mara kwa mara ndiyo lini? Jumanne?" Mwalimu huyaandika yote hayo, na wenye karatasi hurudishiwa karatasi yao ikiwa imevuliwa majivuno.

Siku moja nilipomfuata dada kazini, Mwalimu alinivuta kando.

"Dada yako hajagonga kengele tangu aje."

"Si vizuri? Maana yake anaelewa."

"Hakuna anayeelewa kila kitu," akasema. "Hata mimi hiyo ya tangi ilinishinda. Ananitia wasiwasi."

Nikamwambia wasiwasi wake aufungie kabatini, dada yangu hajambo. Mambo ya vifungo sikumtajia.

Kisha ikaja tezi. Niliiona kama fundi, kabla sijaiona kama ndugu. Kola za dada zilianza kukataa kufunga. Nikadhani ananenepa, nikaongeza kitambaa. Zikakataa tena, nikaongeza tena. Safari iliyofuata niliweka mkasi mezani, nikamshika shingo kwa vidole vyangu, na chini ya ngozi nikakuta kitu kigumu kinachopanda na kushuka anapomeza. Ndipo nikaanza kusikia pia jinsi anavyopumua. Akipanda ngazi, koo lilipiga mluzi. Akijilaza mchana, alishtuka na kukaa, mdomo wazi, akitafuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Mimi naye tuliogopa, kila mmoja kwa upande wake, tusiambizane.

Daktari alituonyesha picha. Tezi ilikuwa inakua kuelekea ndani, inabana bomba la hewa. Lazima itolewe, na upesi. "Ikiachwa," aliniambia mimi, "siku moja hewa haitapita." Kisha akamgeukia dada, akapandisha sauti kidogo, kama wanavyofanya. "Mama, tutafanya operesheni ndogo hapa shingoni. Sawa?"

"Sawa," akasema dada, na mkono ukapanda.

Kwa bahati, au kwa mkosi, hospitali hiyohiyo ilikuwa imeipelekea ofisi ya Mwalimu karatasi ya wagonjwa wa operesheni. Mwalimu alinipigia simu kuniuliza kama dada akae pembeni siku hiyo. Nikasema akae mezani, asome. Kitu ukishakijua hakikutishi. Hayo ndiyo yaliyotoka katika ulimi huu huu.

Picha za karatasi hiyo alizichora msichana mchoraji wa ofisi, mwenye mkono mzuri sana. Unafika na mfuko wako. Unabadili nguo. Unalala, shuka mpaka kidevuni, macho yamefumba, kwa kuwa umepewa dawa ya usingizi. Picha ya mwisho ilionyesha kitanda kimetandikwa vizuri, mto katikati. Na kwa kuwa mchoraji anapenda vitu vidogo vidogo, chini ya kitanda aliweka kandambili. Maneno ya pembeni yalisema, "Ukipata nafuu, utarudi nyumbani."

Jaji alisikiliza maneno, akaridhika. Wote walisikiliza maneno. Dada alitazama picha. Mchoraji alikuja kuniambia baadaye kwamba mkono wa dada ulinyanyuka, ukaenda karibu kabisa na kengele, ukasimama hewani. Mwalimu akauliza, "Sawa, umeelewa?" Mkono ukarudi kwenye kifungo. Karatasi ikaenda kuchapwa.

Wakati ule sikujua lolote kati ya hayo. Nilichoona ni gauni lisilo na kifungo na dada asiyegusa chakula. Alianza pia tabia mpya iliyonikera: akivua kandambili zake alizitia kwenye mfuko wake wa kazini, akatembea pekupeku ndani ya nyumba. Akienda kulala, mfuko ulikwenda naye kitandani. Nikamgombeza, sakafu ni ya baridi, ataongeza kikohozi juu ya tezi. Akanijibu sawa, na kesho yake nikamkuta pekupeku tena.

Siku moja kabla ya kulazwa, niliamka nikakuta godoro lake tupu.

Nilianza kwa kukasirika, maana hasira naijua. Nikaangalia bafuni, nikaangalia kwa jirani, nikamwuliza muuza duka, ambaye alianza kunyanyua mikono kabla sijafungua mdomo. Hasira ilipokwisha nikabaki na kilichokuwa chini yake. Barabara ile ina magari, na dada huvuka akiambiwa vuka. Halafu lile koo. Nilimwona moyoni ameanguka mahali, anapiga mluzi, na watu wanampita wakidhani amelewa. Niliacha cherehani ina nguo ya mtu mdomoni, nikakimbia.

Ofisini nilimkuta Jaji amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Kengele imeibiwa!" akaniambia. "Leo nitasimamishaje kazi?"

"Dada amekuja hapa?"

"Alikuja mapema, akaondoka. Ila kengele, mama, kengele ndiyo tatizo."

Mwalimu alinitazama, tukaelewana bila kusema. Akachukua mkoba wake kwenda kumtafuta sokoni, mchoraji akaenda kituo cha polisi, na mimi, sijui ni nini kilichonisukuma, nikaenda hospitali. Njiani nilikuwa nazungumza peke yangu. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo mpaka leo nakwepa kuyatimiza.

Nilimwona kwenye benchi la ukuta wa nyuma, mkabala na mlango wa wodi ya upasuaji, mfuko kwenye mapaja. Alikuwa pekupeku. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa mkono huohuo.

"Unafanya nini hapa?"

"Naangalia wanaotoka," akasema.

Nikakaa kando yake ili nipumue. Mlango ukafunguka, wakatoka vijana wawili wanasukuma kitanda cha magurudumu. Mtu juu yake alifunikwa mpaka kidevuni, macho yamefumba. Wakakata kona, wakapotea. Punde kikatoka kingine hivyohivyo. Huo ulikuwa mlango wa vitanda. Walioruhusiwa kwenda nyumbani hutokea upande wa mbele, penye maua. Mimi nilijua hivyo, yeye hakujua, na sikujua kwamba hajui. Alinishika mkono kwa nguvu hata pete ikaniuma.

"Hakuna anayetembea," akasema.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Kesho tutakuja pamoja. Sawa?"

Sitasema alichojibu. Aliacha kushika kifungo kwa sababu hakikuwepo, akabaki anafinya ngozi ya shingo, pale penye tezi.

Kesho yake tulifika. Akabadilishwa nguo, akapandishwa kitandani, na mfuko wake akakataa kuuachia, basi nesi akamwachia mpaka muda ufike. Kitanda cha magurudumu kilikuwa tayari mlangoni. Daktari akaja na ile karatasi, sasa imechapwa kwa rangi, inang'aa. Si mtu mbaya yule. Ni mtu mwenye haraka, na nyuma yake kulikuwa na mgonjwa mwingine anayesubiri zamu. Alimsomea dada kila sentensi kidole kikiwa juu ya picha, vizuri kabisa, mpaka mwisho.

"Ukipata nafuu, utarudi nyumbani. Mama, umeelewa?"

Koo la dada lilipiga mluzi, mara moja, mara ya pili. Mkono wake uliondoka shingoni. Ukaingia ndani ya mfuko, ukatoka na kitu, ukakiweka juu ya shuka.

Ting!

Wodi nzima iligeuka. Nesi alisema, "Jamani, hiki nini tena?" Daktari akatazama saa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichowaza kwanza ni kumnyang'anya. Kama wangesema hajakubali, kitanda kile kingekwenda kwa mwingine, na sisi tungerudi nyumbani kungoja siku hewa itakapokataa kupita. Mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye kengele. Nikamtazama usoni. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, jasho linamtoka puani, lakini macho hayakuhama kutoka kwa daktari. Alikuwa juu ya dawati lile tena, na safari hii alikuwa amepanda mwenyewe.

"Daktari, subiri," nikasema, na mkono nikauondoa kwenye kengele. "Ikilia, tunasimama. Ndiyo sheria ya kazini kwake. Na usijitetee."

"Nijitetee nini?"

"Chochote. Nyamaza tu."

Akanyamaza. Dada alivuta karatasi, akaweka kidole kwenye kile kitanda kilichotandikwa.

"Huyu yuko wapi?"

"Amerudi nyumbani, mama. Imeandikwa hapo."

Kidole kikashuka chini ya kitanda. "Mbona kandambili zake zipo?"

Daktari akainama kuzitazama, asione neno. Yeye hakujua, lakini mimi palepale nilikuwa msichana mwenye chupa ya chai mkononi. Niliona shuka lililovutwa, niliona mto, na nikajua dada yangu alikuwa amebeba nini siku zote hizi, peke yake, pekupeku, huku mimi nikimpigia kelele kuhusu sakafu. Nilimwambia daktari kwa maneno machache. Nilimgeukia dada, nikamwambia, yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia.

"Mama alikufa, dada. Ndiyo maana zilibaki. Alikufa kwa sababu ugonjwa wake haukuwa na dawa. Wako unayo."

"Mimi nitatoka?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimtazama daktari, naye, namshukuru kwa hilo, hakukimbilia kumjibu.

"Siwezi kuapa," akasema taratibu. "Wengi sana hutoka. Wanatembea wenyewe, kwa miguu. Nimefanya operesheni hii mara nyingi. Ukiniuliza kama naogopa kuifanya, siogopi. Naogopa tukiiacha."

Dada alifikiri. Kijana wa kusukuma kitanda alianza kukohoa mlangoni, nikamtupia jicho, kikohozi kikapona.

"Mchore," akasema dada.

"Nimchore nani?"

"Anayetoka."

Daktari akatoa kalamu mfukoni, akainama. Hajui kuchora hata kidogo. Kichwa kilitoka kama kitunguu. Dada akamwelekeza: bandeji hapa. Mfuko mkononi. Mlango. Kisha akasema, "Kandambili," na daktari akazifuta zile za chini ya kitanda kwa kuzikwaruza wino, akachora nyingine miguuni. Dada akaitazama picha ile muda mrefu. Akasema sasa yuko tayari, twendeni, ila kandambili zake zikae kwenye mfuko, na mfuko nikae nao mimi.

Nilikaa nao. Nilikaa nao kwenye benchi, nimeukumbatia, na yale aliyoyaona yeye nikayaona mimi sasa, kila kitanda kilichotoka kwenye mlango ule. Alipotoka yeye, amefunikwa mpaka kidevuni, sikumtambua mpaka niliposikia anavyopumua. Mluzi haukuwepo. Wakaniambia nimwache apumzike, nije kesho. Nikaukabidhi mfuko kwa nesi.

Asubuhi nilikwenda na chupa ya chai. Nilipita kati ya vitanda. Kitanda cha dada kilikuwa kimetandikwa. Shuka limevutwa, mto umewekwa katikati.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Sikumwita nesi, maana nilijua akitokea mtu akanishika mabega nitaanguka. Kitu kimoja tu nilikuwa nimefundishwa. Nikapiga magoti na kuchungulia chini ya kitanda.

Sakafu ilikuwa tupu. Imefagiwa, inanukia dawa, na hakuna kandambili.

Nilikuwa bado chini, nimeshika chuma cha kitanda, niliposikia sauti mwisho wa ukumbi. Ting!

Alikuwa amesimama mbele ya meza ya nesi, bandeji shingoni, mfuko begani, kandambili miguuni. Walikuwa wamemhamishia kitanda cha dirishani. Kengele ilikuwa juu ya meza katikati ya pakiti za vidonge, na nesi alikuwa kimya, mdomo wazi, katikati ya sentensi yake. Mimi nikaja mbio nalia na kugomba kwa pamoja: nani amekuhamisha bila kuniambia, mnataka kuniua, kwa nini umesimama, umekula, koo linauma, mbona hamna akili ninyi watu.

Dada akanyoosha mkono. Ting.

Nikanyamaza. Mume wangu mpaka leo haamini. Dada akanionyesha kiti, nikakaa. Akamgeukia nesi, na kwa sauti ya kukwaruza, iliyobaki baada ya operesheni, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake tangu tukiwa watoto.

"Sijaelewa," akasema. "Anza tena."